Mkaguzi wa Miguu katika Nchi ya Zumarini

Jinsi nilivyofika Zumarini si habari. Njia ni ndefu, vumbi ni jingi, na wasafiri walionitangulia wameshayalalamikia hayo mpaka wino ukawaishia. Naanzia mpakani, kwenye dirisha la ofisa wa uhamiaji, maana hapo ndipo nilipokutana na sheria ya kwanza ya nchi ile, nikaivunja kabla hata sijatua begi.

Ofisa hakuniuliza natoka wapi wala nitakaa siku ngapi. Aliifungua pasi yangu, akaifunga, akauliza, "Katika nyimbo za Orkestra Kobe, upi ni mbaya kuliko zote?"

Orkestra Kobe nilikuwa nawajua. Wamepiga muziki wa dansi miaka arobaini na tisa bila kupumzika, na hata kwetu redio zinawapiga. "Mimi nazipenda nyimbo zao zote," nikasema, nikidhani nimejibu kistaarabu.

Kalamu ikawekwa chini. Foleni nzima nyuma yangu ikaguna, na mama mmoja mwenye tenga la kuku akasogea hatua mbili, asije akaambukizwa.

"Zote?" ofisa akauliza. "Hata ule wa dakika kumi na nane, wenye king'ora?"

"Huo sijawahi kuusikia."

"Basi huwapendi," akasema, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli. "Anayewapenda anaujua, tena unamuuma." Akafungua droo, akatoa beji ya kijani iliyoandikwa ASIYE NA CHUKI, akaniamuru niivae kifuani muda wote nitakaokuwa nchini, ili raia wajue wanazungumza na mtu wa namna gani.

Katiba ya Zumarini ni fupi. Kifungu chake cha kwanza kinasema kwamba mtu asijiite mpenzi wa Orkestra Kobe mpaka ataje wimbo wao anaouchukia, sababu zake, na ubeti. Wazumari hulieleza jambo hili kwa utulivu mkubwa. Kusifu, wanasema, hata mpita njia anaweza: anasikia wimbo dirishani, anatikisa kichwa, anakwenda zake. Lakini ili uuchukie wimbo sawasawa, lazima uusikilize mara mia. Mimi natoka mahali ambapo mtu akipenda kitu husema anakipenda, kisha anaendelea na chai yake. Kwa siku mbili za mwanzo niliwaona wote wamechanganyikiwa, na nakiri hilo mapema.

Chuki ndiyo kitambulisho cha mtu kule. Posa ikipelekwa, wazee wa upande wa binti hawaulizi kazi ya kijana wala ukoo wake, huuliza wimbo. Wachumba wanaochukia wimbo mmoja hukataliwa, kwa hoja kwamba wakifika uzeeni watakosa cha kuzungumza. Bungeni chama tawala wanachukia "Safari ya Mkoba", na upinzani wanachukia "Mkoba Umerudi", ambao ni wimbo uleule uliorekodiwa tena kwa haraka. Kuna pia kikundi kidogo kinachochukia kila kitu kilichopigwa mwaka ule bendi iliponunua kinanda cha umeme, lakini hao huonekana wavivu, watu wa chuki za jumla.

Daraja la mto upitao katikati ya mji limekatika mwaka wa sita sasa. Nilimuuliza mheshimiwa mmoja litajengwa lini. Akanijibu kwa subira kwamba hoja ya daraja ipo, tena ipo juu kabisa kwenye orodha, mara tu Bunge litakapomaliza kuchunguza nani aliruhusu filimbi kwenye kibwagizo cha "Jirani Hodi". Kwa sasa watu wanavuka kwa mitumbwi, na mitumbwini wanabishana kuhusu filimbi. Nilipomwambia kwamba kwetu madaraja nayo hayajengwi, ila hatuna hata filimbi ya kusingizia, alinionea huruma.

Nilipangishwa chumba kwa Bi Hadhara, mama mrefu mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo. Njiani wauza machungwa walinielekeza kwa furaha, "Ah, unakwenda kwa Bi Birika!" Nami nikadhani ndilo jina lake. Nilipobisha hodi na kusema, "Shikamoo, Bi Birika," sahani aliyokuwa akiifuta iliteremka mezani polepole sana.

"Nani amekufundisha jina hilo?"

Nikaomba radhi nikionyesha beji yangu. Akaisoma, akashusha pumzi. "Kumbe hujui kitu. Kaa chini, mgeni wangu. Leo utakula wali na historia."

Historia yenyewe ilikuwa hii. Mumewe, Mzee Kitwana Ngwami, ni mpiga tumba wa Orkestra Kobe tangu siku ilipoundwa. Miaka arobaini na moja iliyopita, asubuhi ya kurekodi, mtunzi wa bendi aliamka na matubwitubwi, mashavu yamemvimba, hawezi kufungua mdomo. Kiongozi akauliza nani ana wimbo wowote. Kitwana, ambaye wiki ile ndiyo kwanza ametoka kuoa, akanyoosha mkono. Ni wimbo pekee aliowahi kutunga maishani, na unaanza hivi:

Wewe ni birika, mimi ni kikombe,
Ukichemka nachemka, ukipoa napoa,
Usinimwage, birika, usinimwage.

"Bibi harusi mimi," Bi Hadhara akasema, akijipiga kifua. "Nina hina mkononi. Ananifananisha na birika, nchi nzima inasikia! Na si zuri hata kidogo. Mwimbaji akifika kwenye 'nachemka' anapanda juu mpaka sauti inakatika. Tumba inachelewa kuingia kila ubeti. Na ubeti wa tatu maneno yalimwishia, akaanza kutaja vyombo."

Ni kweli, alitaja vyombo. Ubeti wa tatu nauandika hapa ulivyo, ili nisiambiwe nimetia chumvi:

Sufuria, mwiko, kawa na chungu,
Kibao cha mbuzi, kinu na mchi,
Vijiko kumi na viwili, kimoja kimepotea.

Kuhusu kijiko hicho kimoja, chuo kikuu cha Zumarini kina idara nzima. Nilikaa kwenye kijiwe cha kahawa karibu na soko nikawasikiliza maprofesa wawili. Mmoja alishikilia kwamba kijiko hakikupotea, kiliibwa, kwa kuwa mtunzi alikuwa akiishi nyumba ya kupanga. Mwenzake akamwambia, "Ndugu yangu, unaleta umbea kwenye elimu." Wakanyamaziana mpaka kahawa ikapoa, kisha wakaagiza nyingine, na wakalipiana.

Sasa ningecheka na kuondoka, kama si Kikao cha Kufuta. Kila mwaka Zumarini huruhusu wimbo mmoja ushtakiwe kwa ubaya. Ukipatikana na hatia, sahani zake za santuri hukusanywa na kuvunjwa, hakuna ruhusa ya kuuimba wala kuupigia mluzi, na mtunzi wake huikabidhi ala yake mahakamani, asipige tena. Mwaka huo mshtakiwa alikuwa "Birika".

Mshitaki aliitwa Wakili Sengondo, kijana msafi aliyevaa tai yenye picha ya kobe. Hakuna mtu aliyeipenda bendi ile kumzidi. Alizihifadhi nyimbo zao zote mia tatu na kumi, pamoja na vikohozi. "Nawapenda mno," aliniambia, mkono kifuani. "Ndiyo maana siwezi kuliacha doa hili kwenye jina lao."

Kanuni ya kikao ni moja tu, ila ni ngumu. Mshitaki lazima aimbe wimbo anaoushtaki mwanzo hadi mwisho, ukumbini, Orkestra Kobe wenyewe wakimpigia, kama ulivyo kwenye sahani. Wakati anaimba, ikiwa mguu wowote ndani ya ukumbi utafuata mapigo, kesi inaanguka. Kwa sababu hiyo wapo wakaguzi wa miguu, nao sharti wawe wageni wasio na chuki. Beji yangu ikanitia kazini. Nilipewa kigoda, daftari na miwani.

Kwa miaka arobaini na tisa kanuni hiyo imeziokoa nyimbo zote isipokuwa moja. Mtunzi wake, mpiga gitaa la besi aitwaye Chiduo, siku hizi ni mkata tiketi mlangoni mwa ukumbi. Nilimwona akifanya kazi yake kwa heshima. Muziki ukianza hufunga mlango, akaenda mpaka mwisho wa soko, akasimama huko mpaka wamalize.

Mchana wa siku iliyotangulia kesi nilimkuta Mzee Kitwana uani, akiipaka mafuta ngozi ya tumba. Ni mtu mfupi, mpole, asiyesema sana. Nikampa shikamoo, nikamuuliza kama ana wasiwasi.

"Marahaba. Wimbo ni mbaya, mgeni," akasema. "Hilo sibishi. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, najua nini mimi kuhusu mabirika?" Akaendelea kupaka. "Ila sijui kazi nyingine. Jumatatu tukipumzika, mikono inanisumbua, nagonga meza mpaka mke wangu, Mama Tunu, ananifukuza jikoni. Wakiichukua hii, sijui mikono nitaipeleka wapi."

Bi Hadhara alisikia kutoka jikoni. "Mimi ni shahidi," akasema kwa sauti. "Wakiniuliza nitasema kweli. Kibaya ni kibaya."

"Sema kweli, Mama Tunu," mumewe akajibu. "Nani amekukataza?"

Usiku huo nilikula wali bila hamu. Nilikuwa nimeanza kumpenda yule mzee, na kazi yangu kesho yake ilikuwa kutazama viatu.

Ukumbi ulijaa tangu saa tatu asubuhi. Jaji Mwatumu, mama mwenye miwani ya dhahabu, aliketi kwenye meza ndefu, nami nikawekwa chini ya meza hiyo na kigoda changu, uso kwa uso na viatu vya mahakama. Bendi ilikaa jukwaani. Bi Hadhara akaitwa, akakalishwa kwenye kiti cha mashahidi, kule nyuma kabisa ya jukwaa, mgongoni kwa wapigaji.

"Shahidi," Wakili Sengondo akauliza, "unauchukia wimbo huu?"

"Naam. Tangu siku ya kwanza."

Ukumbi ukaguna kwa heshima. Miaka arobaini na moja ya chuki si mchezo. Mzee Kitwana aliinamisha kichwa. Kisha wakili akarekebisha tai, bendi ikaanza, naye akaimba.

Lo, aliimba vizuri! Alikuwa amefanya mazoezi miezi minane. Kwenye "nachemka" sauti ilipanda ikatulia juu, laini kabisa. Tumba iliingia kwa wakati, pa, mahali pake. Nilipitisha macho kwenye safu zote za viatu, na hakuna kilichosogea. Vilikaa pale vimelala. Nikaandika kwenye daftari: ubeti wa kwanza, hakuna. Mkono wangu ulikuwa mzito. Ubeti wa pili, hakuna. Nilimtazama Mzee Kitwana kupitia kati ya miguu ya meza, nikaona naye amejua. Alikuwa anaipiga tumba ile kwa uangalifu, kila pigo mahali pake, kama mtu anayemuaga mwenzake asitake kumsumbua.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya jukwaa.

"Sivyo!"

Bi Hadhara amesimama. Muziki ukakatika.

"Mnaimba wimbo gani huo?" akauliza, tayari anateremka kuelekea mbele, kanga imemteleza begani. "Mheshimiwa Jaji, mimi nimeapa kusema kweli. Huo si wimbo wa mume wangu. Huo mzuri!"

"Shahidi, rudi kwenye kiti."

"Sirudi. Kanuni inasema kama ulivyo kwenye sahani. Sauti pale inatakiwa ikatike. I-ka-ti-ke! Wewe kijana umeipamba. Na tumba inachelewa, kila mtoto wa nchi hii anajua inachelewa. Baba Tunu, leo umeingia mapema, una nini?"

"Hata sijui," mumewe akasema.

Ukumbi mzima ukalipuka, maana kumbe kila mmoja alikuwa amekaa pale akisikia kuna kitu hakiko sawa. "Kweli! Tumba imewahi!" mtu akapiga kelele. "Na kijiko angekitaja haraka mno, namjua!" "Gitaa la pili halijakosea hata mara moja, linatakiwa likosee!" Profesa mmoja akasimama juu ya kiti kutoa ushahidi wa kitaalamu, na mwenzake akamshikia kiti. Watu waliokuwa wamekuja kuuzika wimbo walikuwa wanautetea ubaya wake kwa jasho, kila mmoja na kosa lake alilolitunza tangu utotoni.

Jaji akagonga meza mpaka kichwa changu kikauma. "Wakili, shahidi ana hoja. Mshitakiwa lazima aletwe jinsi alivyo. Rudia. Vibaya."

Wakili Sengondo alikuwa mtu mwaminifu, na hilo ndilo lililomponza. Angeweza kudanganya kidogo. Lakini mpenzi wa kweli hawezi kuuimba wimbo tofauti na sahani akiwa ameombwa uimbwe kama sahani. Akalegeza tai, akafumba macho, akaanza upya. Safari hii Bi Hadhara hakurudi kiti cha nyuma. Alisimama pale mbele, kando ya mlango, mikono kiunoni, akisimamia makosa yatendeke.

"Ukichemka na-chem-" na sauti ya wakili ikapanda, ikakwama, ikakatika. Ukumbi ukavuta pumzi. Ilikuwa zamu ya tumba, na tumba haikuja. Haikuja. Watu elfu moja walikuwa wameinama kidogo mbele, vinywa wazi, wanaisubiri. Nami chini ya meza, mgeni nisiye na chuki, nilikuwa naisubiri. Kisha ikaanguka, imechelewa, du-ku-du, nikahisi furaha imenipanda kutoka kwenye nyayo mpaka kooni, na sioni aibu kuisema.

Daftari lilinidondoka. Nilipoliokota, viatu vyote vilikuwa vimeamka. Safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, buti za polisi, ndala za wauza machungwa, chama tawala na upinzani kwa pigo moja. Ubeti wa tatu uliimbwa na ukumbi mzima, sufuria, mwiko, kawa na chungu, na walipofika kwenye kijiko kilichopotea watu walishikana mabega wakalia kwa kucheka. Mlango ulifunguka. Chiduo alikuwa amesimama kizingitini na tiketi zake mkononi. Hakwenda sokoni siku ile, na hakuna aliyemwambia aende. Wakili Sengondo alikuwa anaimba huku machozi yanamtoka na kiuno kinamsaliti.

Wimbo ulipokwisha, ilichukua muda mrefu kupata kimya.

"Mkaguzi," Jaji Mwatumu akasema, akipangusa miwani. "Toka huko chini. Umeona mguu uliofuata mapigo?"

"Nimeona, Mheshimiwa."

"Wa kwanza ulikuwa wa nani?"

Nilitamani sana kudanganya. "Wa kwako, Mheshimiwa."

Jaji akanitazama. "Wa kulia au wa kushoto?"

"Yote miwili."

Akaandika jambo hilo mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, kisha akasoma hukumu. Mahakama imeuona wimbo "Birika" kuwa mbaya, tena mbaya kwa kiwango kilekile walichokisema wataalamu. Mahakama inaagiza ubaki hivyohivyo, na mtu yeyote atakayejaribu kuutengeneza ashtakiwe. Mtunzi abaki na tumba yake. Wakili Sengondo ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda jukwaani kumkumbatia mzee, akimwambia, "Baba, ni mbaya, ni mbaya mno, Mungu akuweke."

Watu walipopungua nilibaki kumsaidia Mzee Kitwana kuifunga tumba kwenye kitambaa chake. Bi Hadhara alikuja, akasimama juu yetu.

"Miaka arobaini na moja nakwambia unachelewa," akasema. "Leo mara ya kwanza umeingia sawasawa kama mtu mwenye akili, mara ya pili umechelewa tena. Hivi ni kitu gani?"

Mzee alikaza fundo, akalijaribu kwa kidole.

"Siku ile ya kurekodi ulituletea chakula," akasema. "Ukasimama mlangoni. Nikawa nakutazama, nikapitwa na zamu ya tumba."

"Hiyo siku moja. Na miaka yote hii?"

"Si unakujaga kila tunapopiga, Mama Tunu? Unasimama palepale mlangoni." Akainua tumba, akaiweka begani. "Leo mara ya kwanza walikukalisha nyuma yangu."

Bi Hadhara aliivuta kanga yake akajifunika nusu ya uso, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, kisha akanigeukia mimi.

"Mgeni wangu," akasema, "hilo usiliandike."

Nikamwambia sawa, sitaliandika.